Alichokunywa Sajini

Mzee Sedekia wa Kilolo alikuwa na mbwa mmoja tu wa kutegemewa, Sajini, na Machi ile ya mwaka 1954, mahindi yakianza kukomaa, mbwa huyo ndiye aliyewazuia nguruwe pori wasiingie shambani. Bila Sajini hapakuwa na mavuno. Ndiyo maana asubuhi moja, alipomkuta amelala ubavu karibu na mafiga, anatapika na kuharisha, miguu imemlegea, alikubali jambo ambalo siku nyingine asingelikubali: mkewe, Tekla, akamwite Kalinga.

Kalinga alikuwa mwindaji, na matumbo ya mbwa aliyajua kuliko mtu yeyote wa milima ile. Tatizo ni kwamba mwaka uliopita alitengwa na kanisa kwa kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mzee wa kanisa aliyesimama kulisoma jina lake mbele ya watu alikuwa Sedekia huyu huyu. Tena alilisoma mara mbili, mtu asije akakosa uhondo.

"Kamwene," Kalinga alisalimu mlangoni.

"Kamwene," Sedekia aliitikia, macho chini.

Kalinga akachuchumaa, akamfunua mbwa kope, akamnusa mdomo. Tekla alikuwa amekwisha kumnywesha maziwa mgando, kwa hiyo kilichonuka ni uchachu tu.

"Amelamba sumu ya kutegea nguruwe huyu," Tekla alisema. "Si bure."

Kalinga akatoa mzizi mfukoni. "Kama ni sumu, mama, huu utamtapisha yote. Lakini kama ni pombe iliyomlegeza hivi, nikimtapisha atapaliwa, afe hapa hapa. Wa pombe anaachwa na njaa kutwa, maji kidogo kidogo, kesho uji mwepesi wa ulezi. Mzee, amekula nini?"

Sedekia akautazama moto. Alfajiri alikuwa bondeni kwenye mianzi yake, aliyokuwa akiigema kwa siri tangu mvua zianze, akakuta mbeta, kile chombo cha kukingia ulanzi, imeanguka na nyayo za mbwa zimejaa topeni. Alikuwa mnafiki, hilo halina ubishi, lakini alimpenda mbwa wake.

Kalinga akalifuata neno la Tekla, akaanza kuutwanga mzizi.

"Acha," Sedekia alisema. "Ni ulanzi. Ulanzi wangu."

Tekla aliketi. Kalinga akaurudisha mzizi mfukoni bila kucheka, na hilo lilimuuma Sedekia kuliko kicheko. Kisha akaomba maji na kijiko.

Siku ya tatu Sajini alikuwa akibweka. Sedekia akamchukua jogoo, akaenda kwa Kalinga kushukuru, na kuuliza lililomkereketa.

"Utamwambia mchungaji?"

"Mimi nimetengwa, mzee. Neno la aliyetengwa halipokelewi barazani. Si ninyi wazee wenyewe mliopanga hivyo?"

Basi Sedekia alikuwa salama. Alirudi nyumbani na usalama wake, akaubeba siku nne, na kila siku ulizidi kumwelemea.

Jumapili, mchungaji alipouliza kama wazee wana tangazo, Sedekia alisimama, akataja jina moja, la kwake, na kosa lake. Kisha akatembea hadi benchi la mwisho, la waliotengwa, watu wote wakimgeukia.

Kalinga akajisogeza kumpisha.

"Karibu, mzee," alinong'ona. "Sajini anakula?"