Fungu la Hawe

Dalili ya kwanza aliyoiona Kache ilikuwa kwenye chapati. Baba yake, Kahindi, alisimama mlangoni mwa jiko akimpangia chakula cha safari ya Jumamosi. Kila mtu awe na mafungu mawili, moja la kula juu ya kilima cha Mkubwa na jingine juu ya kilima cha Mdogo, maana vilima vyote viwili vingepandwa na kushukwa siku hiyo hiyo.

"La hawe wako liwe moja," akasema. "La Mkubwa linamtosha."

Kisha akaenda kunoa panga.

Kache akaendelea kukanda unga. Hawe Sidi, mama mzazi wa Kahindi, alikuwa mwembamba lakini mlaji. Tangu Kache apate akili hakuwahi kumwona akishiba kwa fungu moja.

Safari yenyewe ililetwa na mvi za vilima. Mkubwa na Mdogo vilikaa upande wa machweo wa kijiji, mbali na lami ya Malindi, na miaka yote vilikuwa na vichaka kama vilima vingine. Mvua za vuli zilipokosa kuja, vikaota mvi. Zilianza pembeni mwa kichwa cha Mkubwa, kama zinavyoanza kwa watu, zikashuka mpaka mabegani, na Mdogo naye akafuata. Zilikuwa nywele hasa, laini, na upepo ukivuma zililala upande mmoja. Mwalimu mkuu alisema mng'ao wake unawaumiza watoto macho, akageuza madawati yakaangalia ukuta wa nyuma.

Pale kijijini mvi hazikuwa jambo la kuchezea. Mzee mwenye mvi alisemwa kuwa mchawi, na aliyesemwa sana alikutwa asubuhi shambani amekatwakatwa. Mara nyingi shamba hilo lilikuwa limeshapata mnunuzi. Kwa hiyo wazee walipaka piko, rangi nyeusi ya nywele, wanaume kwa wanawake, na wengine wakapaka hata nyusi.

"Piko tena?" Njoroge wa duka alimwuliza Kache. "Sukari inalala hapa mpaka inaganda, piko haimalizi wiki. Kijiji kizima mmekuwa vijana. Mwisho nitakosa wa kumpa shikamoo."

Kache akatabasamu, akachukua pakiti, akaondoka. Hakuwa msemaji. Shule aliiacha darasa la sita, na hata huko, akiambiwa asome kwa sauti, sauti ilikuwa haitoki.

Kila Jumapili alimpaka Hawe piko. Jumapili ilishika, Jumatatu ikachujuka yenyewe, na kichwa kikarudi cheupe kama pamba. Shamba lao lilikuwa kwa jina la Hawe. Lilikuwa na mawe mazuri ya kujengea, na mtu mwenye gari kubwa alikuja kulitaka. Hawe alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akamwambia hauzi. Tangu siku ile wanawe wawili wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Kikao cha safari kilifanyika uani kwa Mwaro, baba mdogo wa Kache. Mwaro alisema vilima ni lazima vinyolewe.

"Tuvipake piko," akasema mmoja.

"Piko ya kilima kizima utanunua wewe? Wewe ambaye hata kinyozi unamkimbia?" mwingine akamrudi.

Watu wakacheka, kisha wakapanga. Wangeondoka kabla ya jua, wapande Mkubwa kwa upande wa mashariki, washuke bondeni penye bwawa, wapande Mdogo, warudi kabla giza halijaingia. Njia ya Mdogo ilikuwa imezibwa na nywele, na aliyeijua vizuri ni Hawe, kwa sababu ndiko alikokuwa akikata kuni enzi zake. Yeye ndiye angewaongoza.

"Na kurudi?" mke wa Mwaro akauliza. "Magoti yale?"

"Kurudi ni mteremko," Mwaro akasema.

Kache alikuwa akigawa chai. Akajaza kikombe cha Mwaro mpaka kikafurika, akaambiwa aangalie asimwage.

Jioni alimkuta Hawe akichambua kunde.

"Hawe, Jumamosi usiende."

"Kwa nini?"

Kache akafungua kinywa. Maneno yalikuwa pale, yamepangana, na hayakutoka.

"Magoti," akasema.

"Magoti yangu yana akili kuliko baba yako." Hawe akapuliza maganda ya kunde. "Nisipokwenda huko, watakuja hapa. Na hapa unalala wewe. Pika vizuri, mjukuu wangu. Usisahau chumvi."

Kache akapika. Akafunga fungu la pili la Hawe katika kitambaa, na Jumamosi akalifunga kiunoni mwake, chini ya leso.

Walikwenda Kahindi, Mwaro, na vijana wachache wa ukoo wenye mapanga. Hawe alitangulia na mkongojo, na Kache alijitwika chakula na maji. Juu ya Mkubwa walianza kazi mara moja. Nywele zilikatika vizuri, ila kabla mtu hajafuta panga zilikuwa zimeshaota tena. Kijana mmoja alisema labda panga limekuwa butu, akanoa, akakata, zikaota. Wakakaa wakala. Hawe alimaliza fungu lake, akalamba vidole.

"Na la huko mbele?"

Mwaro akaangalia bonde. "Huko tutaona, mama."

Walipoteremka, Kache alijipenyeza katikati ya Hawe na baba yake. Alisikia pumzi ya baba yake kisogoni. Hakugeuka, maana aliogopa kuuona uso wake. Kwenye bwawa, pamoja na ukame, maji masafi yalikuwa bado yapo, wakajaza dumu mpaka mdomoni.

Kileleni mwa Mdogo nywele zilifika kifuani.

"Kache," Kahindi akasema, "rudi bwawani ukajaze dumu."

Dumu lilikuwa limejaa. Kila mtu aliliona. Kache akasimama palepale, dumu kichwani, na hakwenda.

"Nimesema rudi."

Hapo Hawe akavua kilemba, akampa Kache akishike. Mvi zake na mvi za Mdogo zilikuwa rangi moja.

"Nipe changu," akasema.

Kache akafungua kiunoni, akampa fungu. Hawe akalichukua, akazitenga nywele za kilima kwa mkono kama mtu anayepita kwenye pazia la mlango, akaingia. Nywele zikajifunga.

Wanaume walimtafuta wakiwa wameinua mapanga. Tatizo lilikuwa kwamba hawakujua zipi ni za kilima na zipi ni za mama yao. Mwaro akafyeka shungi moja.

"Taratibu, mwanangu," sauti ya mama yake ikasema, kutoka upande mwingine.

Hakufyeka tena. Wakarudi nyumbani kabla giza halijaingia, kama walivyopanga.

Chifu alisema wazee hupotea. Mwenye gari kubwa akarudi, ndugu wawili wakaweka sahihi, na sasa sehemu kubwa ya shamba ni shimo ambalo mashine hulia ndani yake toka alfajiri. Mzee Nzai wa ng'ambo ya barabara, aliyepaka piko mpaka ndevu, alikutwa shambani mwake. Vilima bado vina mvi, na watoto bado wanaangalia ukuta wa nyuma. Kache akienda kuni huacha fungu la chakula kileleni mwa Mdogo. Akirudi tena hukuta kitambaa kimekunjwa vizuri, na siku nyingine chumvi imebakizwa pembeni, maana yake alizidisha.

Kisha Kahindi akaota mvi. Zilianza pembeni.

Sehemu yake ya ardhi iliyobaki inapakana na shimo, na Mwaro amesema mawe yanaelekea huko. Amesema pia kwamba ni wakati wa kwenda kuvinyoa vilima tena, na safari hii kaka yake ndiye awaongoze, kwa kuwa njia ya Mdogo sasa anaijua.

Jumapili Kahindi alikaa kwenye kibao uani, taulo mabegani, na Kache akawa anampaka piko. Mashine za shimoni zilikuwa zimenyamaza.

"Mwaro amekuja jikoni?" akauliza.

"Amekuja."

"Amekupangia chakula?"

"Amenipangia."

Kahindi akavuta taulo shingoni. Hakugeuza kichwa.

"Mafungu yangu mangapi?"

Kache akachovya brashi. Alimpaka juu ya sikio, taratibu, mpaka mvi za hapo zote zikafunikwa.

"Baba," akasema, na sauti ikatoka. "La hawe pia ulisema liwe moja. Mimi nikafunga mawili."