Mlevi wa Ghorofa ya Tisa

Matembezi ya mjini yalianzia mbele ya posta ya zamani, kabla jua halijawa kali. Wageni walionyesha tiketi zao kwenye simu, wakajipaka mafuta ya kuzuia jua puani, wakaulizana kama njiani kuna choo. Mwongozaji wao alikuwa mwanamume mwembamba ambaye mji mzima ulimwita Mwavuli, kwa sababu alibeba mwavuli wa njano hata siku ambayo hakuna jua wala mvua. Aliuinua juu, nao wakamfuata.

Kituo cha kwanza kilikuwa posta yenyewe. Cha pili, mtaa wa wauza maua. Cha tatu, daraja la waenda kwa miguu, ambapo wageni walipiga picha za magari yaliyokwama. Cha nne kilikuwa jengo la bima, jeupe, refu, lenye vyungu vya maua mlangoni. Hapo Mwavuli aliwapanga wageni nyuma ya vyungu, akaongeza sauti ya spika iliyoning'inia kiunoni, akasema:

"Tazameni juu, ghorofa ya tisa. Jengo hili lilipokaribia kufunguliwa, fundi mmoja alikuwa pale akipiga lipu. Akateleza, akaanguka."

Aliposema "akaanguka," fundi akaanguka.

Alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Alishuka kwa mwendo wa mtu wa uzito wake, mwiko mkononi, akatua kwa bega la kushoto kati ya chungu cha pili na cha tatu. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akawaamkia wageni. Mlinzi wa jengo akamwonyesha uchochoro wa nyuma, kwa kuwa tajiri mwenye jengo hakupenda vumbi la saruji mbele ya mlango wake. Fundi akapita huko, akaenda nyumbani.

Mkewe alikuwa akipiga pasi nguo za watu, kazi iliyomlisha tangu alipobaki peke yake. Alimwona mlangoni, akamtazama miguu.

"Vua viatu," akamwambia. "Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Akavua. Akakandwa bega kwa maji ya moto, akanywa chai, akauliza habari za ndugu, nani kaoa na nani kazaa. Jioni walisali pamoja kama zamani, kisha akaondoka. Alikokwenda, mkewe hakuuliza, maana mambo mengine ni ya Mungu. Kesho yake matembezi yakafika kituo cha nne, na mchana fundi akawa tena mlangoni. Majirani waliendelea kumwita mke wake Mjane. Jina likishamkaa mtu halivuliwi kwa sababu ndogo kama hiyo.

Kila jioni kampuni ya matembezi iliwaomba wageni watoe nyota na maoni. Mmoja alitoa nyota tano akasema amejifunza mengi na maji ya kunywa yalikuwa baridi. Mwingine alitoa mbili: kutembea kwingi, kukaa kidogo. Kuhusu kituo cha nne hawakukubaliana kabisa. Bibi mmoja aliandika kwamba fundi alimgusa moyo. Mzee mmoja alitaka fundi aanguke tena, kwa sababu wakati huo alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Bwana mmoja aliandika kwamba fundi alianguka kama mtu anayewahi kazini, na hadithi yenyewe haina chumvi.

Kampuni ikatia chumvi.

Siku hiyo fundi aliingia nyumbani akasimama mbali na mkewe, karibu na dirisha.

"Unanuka nini?" Mjane akauliza.

"Pombe."

"Umeitoa wapi?"

"Wamenitia. Yule wa mwavuli kasema fundi mmoja mlevi. Mpaka napita ghorofa ya sita, tayari nanuka."

Mjane akaweka pasi pembeni. Huyu mume hakuwahi kuonja pombe. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza, akamuuliza mwenye duka mara mbili, na bado akaona afadhali akohoe. Shemeji zake walikuwa wakimtania kwenye harusi kwamba yeye hulewa kwa soda.

"Oga," akamwambia.

Akaoga. Harufu haikutoka.

Wiki iliyofuata Mwavuli aliongeza chupa. Fundi akaanza kutua na mwiko mkono huu na chupa mkono ule, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa vioo barabarani, alizibeba chupa nyumbani. Mjane alizipanga chini ya karo la jikoni hadi pakajaa. Wageni waliipenda chupa. Mmoja tu alilalamika kwamba kwa mtu aliyelewa fundi yuko kimya mno, basi kampuni ikaongeza wimbo. Mchana ule majirani walimsikia fundi kabla hawajamwona. Ulikuwa wimbo wa matusi, na yeye mwenyewe aliyeuimba hakuujua.

"Nisamehe," alisema alipofika. "Mdomo ni wangu lakini maneno si yangu."

"Kaa, nikukande."

"Leo bega haliumi. Sisikii kitu."

Hilo Mjane hakulipenda. Lakini lililomtisha lilikuja jioni. Walikuwa katikati ya sala, sala ambayo fundi alifundishwa na mama yake kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Akanyamaza.

"Mke wangu, inafuatia nini?"

Akamwambia. Jioni ya pili akakwama mapema zaidi. Jioni ya tatu alisimama tu, akiyumba, akimtazama mkewe mdomoni kama mtu anayesubiri kuimbishwa. Mjane akaona mambo yanakoelekea. Hadithi ikizidi kunoga, siku moja mlango utafunguka aingie mlevi wa kampuni, naye fundi wake hatarudi tena, si kwa kuanguka wala kwa namna nyingine.

Asubuhi alivaa gauni lake la ibada, akaenda kwenye ofisi ya matembezi. Ilikuwa humo humo ndani ya jengo la bima, chini, chumba kizuri chenye feni mbili. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti laini. Alimpa kiti na maji.

"Mama, tumefurahi umekuja. Maoni ya wenyeji tunayathamini sana."

"Sina maoni, mwanangu. Nataka mlitoe lile neno."

"Neno gani?"

"Mlevi. Pamoja na chupa yake na wimbo wake. Mume wangu hakunywa."

"Sasa mama, wageni wanapenda hadithi yenye mtu ndani. Zamani walikuwa wanalalamika. Kuna aliyesema anaanguka kama anayewahi kazini."

"Alikuwa kazini."

Meneja akatabasamu, akasogeza kalamu. "Na ripoti ya ajali ilisema alikunywa."

"Ripoti aliandika nani? Si msimamizi wao? Alfajiri ile waling'oa mbao za kusimamia mafundi, wakazipeleka kwenye nyumba ya tajiri mwenye jengo, alikuwa anajenga baraza. Pale juu ukabaki ubao mmoja. Mume wangu akaambiwa, fundi, wewe mwepesi, panda. Kanisimulia mwenyewe."

"Lini?"

"Juzi, akinywa chai."

Meneja hakuona kosa lolote katika jibu hilo. Alitazama feni kidogo. "Mama, nikwambie kama mwanao. Chumba hiki tumepewa bure na tajiri. Hadithi ya kituo cha nne aliisoma mwenyewe, akaridhika nayo. Hiyo ya mbao itachosha wageni. Kwani wakisikia mbao watafanyaje?"

"Watajua."

"Wanakuja kutembea, mama."

Mjane akanywa maji yake yote, maana hakutaka kudaiwa adabu, akashukuru, akatoka. Hakwenda nyumbani. Alisimama nje karibu na vyungu hadi mwavuli wa njano ulipotokea mtaani na wageni nyuma yake. Mwavuli akawapanga. Akaongeza sauti.

"Tazameni juu, ghorofa ya tisa. Fundi mmoja mlevi, chupa mkononi, alikuwa akiimba..."

Fundi alishaanza kushuka, akiimba.

"Hakunywa," Mjane akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile aliyozoea kusomea maandiko mbele za watu, inayofika benchi la mwisho bila kukaza shingo. "Hakunywa. Mbao ziling'olewa, akaambiwa apande."

Fundi akasimama hewani, usawa wa ghorofa ya nne. Maneno ya Mwavuli yalimvuta chini, ya mkewe yakamzuia, naye akabaki hapo kama shati kwenye kamba siku isiyo na upepo. Wimbo ulikatika. Chupa ikamtoka mkononi, ikashuka peke yake, ikapasukia barabarani. Mwavuli, ambaye alikuwa mtu wa kazi, aliwaomba wageni waangalie vioo, kisha akawapeleka kituo cha tano.

Mlinzi akaja na ufagio.

"Mama, hapa hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi nini? Kusema?"

"Kusimama. Hapa ni kiwanja cha jengo." Akafagia vioo taratibu. Alikuwa akilinda mahali hapo tangu wakati wa ujenzi, na lori lililobeba mbao ndiye aliyelifungulia geti. Hakulisema hilo siku ile wala siku nyingine yoyote. Lakini alichora mstari kwa ncha ya ufagio, akanong'ona: "Kiwanja kinaishia hapa. Ukisimama huku, hiyo ni barabara ya watu wote."

Mjane akavuka mstari, akasimama.

Jioni fundi aliingia dirishani, akashuka kwa ngazi za ndani, wafanyakazi wa bima wakimpisha. Nyumbani alinuka saruji na jasho. Bega lilimuuma hasa, akalalamika hadi mkewe akamwambia aache deko. Waliposali alifika mwisho bila kukwama, akarudia mara ya pili, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika.

"Kesho utakuja?" akauliza.

"Wewe utaanguka?"

"Nitaangushwa."

"Basi nitakuja."

Akaja kesho, akaja keshokutwa. Pasi alihamishia jioni, na wateja waliochukia walipeleka nguo kwingine. Siku moja homa ilimbana, akachelewa, na mchana ule fundi aliingia akiimba, akamwita jina ambalo si lake. Tangu hapo hakuchelewa, homa au si homa. Kampuni ilinunua spika kubwa zaidi. Yeye akanywa maji ya uvuguvugu asubuhi, akapandisha sauti. Tajiri alimtuma mtu na bahasha ya kumtuliza. Mjane aliirudisha bila kuifungua, akamwambia yule mtu afunge vizuri kamba za viatu asije akateleza, wakasema kalewa.

Maoni ya wageni yalizidi kugawanyika. Wengine walitaka warudishiwe pesa, kwa kuwa waliahidiwa mtu wa kuanguka hadi chini. Wengine walisema huyo mama ndiye kitu pekee walichokikumbuka. Kampuni iliyasoma maoni yote kwa makini, ikaona njia.

Asubuhi moja Mwavuli aliikatisha habari ya mlevi katikati, akageuka, akauelekeza mwavuli barabarani, upande wa pili wa mstari.

"Na yule pale ndiye mjane wake. Maskini, hajakubali mpaka leo. Huja hapa kila siku, akalia."

Machozi yakamtoka Mjane. Yalikuja mengi, ya moto, yakamshuka mashavuni hadi kwenye kola. Yeye hakuwa analia. Hakuwa na huzuni yoyote wakati ule, alikuwa na hasira na kiu. Wageni wakainua simu zao. Msichana mmoja akasema, masikini mama wa watu, na mwenzake akamwambia sogea kulia, unamziba.

Juu, fundi alikuwa ameshapita ghorofa ya saba na wimbo mdomoni, na hakuna kilichomzuia. Alipita ya sita. Alipita ya tano. Mjane alitafuta sauti yake akakuta koo limejaa kilio cha watu wengine. Akakimeza. Kikarudi, akakimeza tena, akajipangusa uso mzima kwa kiganja kama mtu anayefuta meza.

"Hakunywa," akasema. "Na mimi silii. Mbao ziling'olewa, akaambiwa apande."

Fundi akasimama, chini kidogo ya mahali pake pa kawaida, usawa wa ghorofa ya tatu. Akaweka vizuri kofia. Machozi yaliendelea kumtoka mkewe, maana Mwavuli alikuwa bado anasimulia, naye aliyaacha yatoke huku akisema tena, na tena, kila neno likiwa kavu.

Maelezo yakaisha. Tajiri alitoka mlangoni, akaingia kwenye gari lake, mlinzi akapiga saluti. Wageni walikuwa wanajipanga kwa ajili ya kituo cha tano, ila bibi mmoja mnene, mwenye kofia ya majani, alibaki nyuma. Alimtazama yule aliye juu, akamtazama aliye chini.

"Lakini mama," aliuliza kwa upole, "utakuja hapa mpaka lini?"

"Kwani matembezi yenu ni mpaka lini?"

Yule bibi hakujua. Akamgeukia Mwavuli, na Mwavuli akajibu kama alivyofundishwa kuwajibu wote wanaouliza ratiba.

"Kila siku, isipokuwa sikukuu."

"Mimi hata sikukuu nipo," Mjane akasema.