Dozi ya Ndama

Haya yalitokea kweli, tena mwaka huu huu, na anayebisha radi ya Mbeya imkute amesimama peke yake uwandani. Sijatia chumvi hata chembe. Nayaandika kama nilivyoyasimulia kilabuni kwa Evarista, pale Ubaruku, mbele ya watu wazima wenye akili zao, na kwa muda mrefu hakuna aliyenikatiza.

Sayi alikuwa akichunga ng'ombe wa kaka yake, Budeba. Ukoo wao ulishuka kutoka Usukumani zamani kidogo, ukapiga kambi bonde la Usangu. Kiangazi cha safari hii kilikausha kila jani, ng'ombe wakawa wanalamba vumbi. Kilichobaki cha kutia mdomoni kilikuwa mabua ya mpunga kwenye majaruba yaliyovunwa, na majaruba yana wenyewe. Wakulima walikataa. Asubuhi moja Budeba akaingiza mifugo kwa nguvu. Asubuhi hiyo fimbo na mapanga vikakutana juu ya tuta la mfereji. Mkulima mmoja alivunjwa taya, likaning'inia kama mlango uliotoka bawaba. Fahali mmoja alikatwa mshipa wa mguu, akakaa matopeni akilia kama mtu. Sayi alimvuta kwa kamba mpaka nyama ya bega lake la kulia ikachanika kwa ndani, na alipoona hainuki tena, akammalizia mwenyewe kwa shoka.

Mzee Bartholomeo, mkubwa wa wakulima, aliona kinachofuata ni kuzika watu. Akaleta shauri. Kila upande utoe mtu mmoja, wapigane ngumi kavu Jumamosi, pale kwenye sakafu ya kuanikia mpunga mashineni. Wafugaji wakishinda, mabua yote ni yao mpaka mvua. Wakishindwa, wavuke mto na ng'ombe wao na wasirudi. Budeba akakubali, ingawa alijua ng'ombe wale hawana miguu ya kufika hata huo mto. Wakulima wakamtoa Aroni, kuli wa mashine ya kukoboa, ambaye hubeba gunia begani huku anatafuna muhogo. Wafugaji walikuwa na mtu mmoja tu anayejua ngumi, naye ni Sayi, mwenye bega bovu.

Ndipo akaitwa Vitus, kijana wa Iringa mjini anayefundisha watu kunyanyua vyuma. Alikuja na kichupa kisichozidi kidole gumba, chini yake kumegandia unga mweupe. Akasema inaitwa peptaidi, na wenzake wanadai inaunga nyama iliyochanika, ila yeye si daktari na hawezi kuapa. Kisha akaeleza namna ya kuichanganya. Maji ya sindano yateremke polepole kwenye ukuta wa kichupa, mtu asitikise, azungushe tu kwa vidole mpaka unga uyeyuke wenyewe. Halafu ivutwe kwa kile kisindano cha wagonjwa wa kisukari, vimistari vichache tu, ichomwe chini ya ngozi ya tumbo, kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Akaacha vifaa vyote vikiwa ndani ya karatasi zake, akawahi basi.

Budeba alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayeeleza ndoto.

"Wiki hadi wiki," alisema. "Ng'ombe akichomwa leo, kesho anasimama."

"Mimi si ng'ombe, kaka."

"Una damu, una nyama. Vua shati."

Budeba amechoma ng'ombe maisha yake yote, na kanuni yake ni moja, kwamba dawa inafuata uzito. Akatoa ule mkanda wa kupimia mifugo, akaupitisha nyuma ya makwapa ya Sayi kama anavyoupitisha nyuma ya miguu ya mbele ya mnyama, akausoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mkanda ulisema Sayi ni ndama wa kadiri, aliyenyonya vizuri. Kwa hiyo kichupa kizima. Akamimina maji yote kwa mkupuo, akakitikisa kama anasuka maziwa kwenye kibuyu, maana dawa ikilala chini mnyama anapata maji matupu. Povu likajaa mpaka shingoni. Kile kisindano akakiweka kando, akasema hicho ni cha kushonea vifungo. Akachukua bomba lake la zizini, lenye sindano nene kama mwiba wa nungu, akaifuta kwenye kaptura, akamchoma Sayi palepale penye maumivu.

Sayi alihisi mfupa ukikwaruzwa. Usiku ule bega likapata joto. Kesho yake likavimba. Ijumaa mkono mzima ulikuwa mwekundu, unang'aa, na kila moyo ulipopiga nao ulipiga. Budeba akaubonyeza, akafurahi. Alisema nguvu zinaingia.

Jumamosi watu walijaa mpaka juu ya magunia. Mtu akagonga rimu ya trekta. Aroni akamtazama Sayi kuanzia miguuni, macho yakaishia begani.

"Mchunga, huo mkono ni wako au mmeazima?"

"Uguse uone."

Aroni hakuugusa bado. Alianza na pua kwanza, ikalia kama kijiti kikavu, kisha nyusi, ikapasuka, damu ikamfunga Sayi jicho moja. Sayi akajibu kwa kushoto, akamchana Aroni mdomo, meno yakaonekana mekundu. Walishikana, wakaanguka, wakagongana vichwa kwenye saruji, punje za mpunga zikawanata magotini na mashavuni. Walipoinuka Aroni alikuwa ameshajua. Aliacha uso, akawa anapiga bega tu. Moja. Nyingine palepale. Sayi akatapika akiwa amesimama. Alisikia ng'ombe wakilia nyuma ya uzio, wale waliobaki, na akajua akilala hapa nao watalala njiani mmoja mmoja, kunguru wakianza na macho. Akainua mikono tena. Aroni akavuta ngumi kutoka mgongoni kabisa, ikatua juu ya uvimbe, na uvimbe ukapasuka. Usaha na damu viliruka mpaka kwenye fulana ya Mzee Bartholomeo.

Sasa sikilizeni. Uchafu ule ulipotoka, mkono ukawa mwepesi kama bua. Sayi akauzungusha mara moja, ukapiga mluzi, ukamkuta Aroni chini ya kidevu. Kuli yule aliruka juu ya magunia, akagonga bati, akatumbukia kwenye tundu la mashine ya kukoboa ikiwa inanguruma, akatokea upande wa pili pamoja na pumba, mzima, ila amekobolewa ndevu zote. Wafugaji wakashinda, na jioni ile ile ng'ombe wakaingia kwenye mabua.

Nilipofika hapo nikanyoosha mkono kuchukua kikombe changu. Kwenye benchi la pembeni, mtu mwenye mkono uliofungwa kitambaa shingoni akakohoa. Kwa uvimbe wa uso sikuwa nimemtambua.

"Mzee Yotamu," alisema Sayi, "aliyeanguka ni mimi. Ile ya begani ndiyo ya mwisho. Nimezinduka zahanati, muuguzi ananikamua."

Aliyekuwa amekaa karibu yake, akimshikia kikombe, akajikuna kidevu taratibu. "Na ndevu zangu hizi hapa, mzee," alisema Aroni. Mdomo wake ulikuwa na nyuzi.

Watu hawakucheka, kwa sababu Budeba naye alikuwepo, ameinamia magoti. Alisema wanatakiwa wavuke kesho, na jana wamekufa watatu hata kabla ya kuanza safari.

Evarista akaweka chini kata ya kuchotea pombe. Akaniuliza kama ni kweli nimeapa mbele ya wateja wake kwamba wafugaji walishinda. Nikasema hadithi ni hadithi. Akasema hakuuliza hivyo. "Kama walishinda, mabua ni yao. Na wewe mwenye majaruba mawili pale mferejini, ambayo umeyazungushia miiba yakae kwa ajili ya mbuzi wako, unangoja nini?"

Nikamtazama Mzee Bartholomeo, aliyekuwa humo humo kilabuni, anitetee. Akasema mapatano yalihusu mabua ya wakulima wake, haya ni yangu, na mtu akitaka kulisha wageni kabla hawajasafiri yeye hana neno. Aliendelea kunitazama hivyo hivyo, na watu wote nao.

Basi nikatangulia. Sayi alisogeza miiba kwa mkono wake mzima, nami nikavuta upande wa pili, ikanichana viganja vyote viwili. Ng'ombe walipita mbele yangu mbavu nje, hawakunisalimia. Walikula mabua, wakala na viazi vitamu vya kwenye tuta ambavyo sikuwapa. Walikaa humo mpaka wakapata miguu ya kutembea, ndipo Budeba akavuka nao mto. Mbuzi wangu siku hizi nawakatia majani mwenyewe, kando ya barabara ya Igawa, kwa mundu.