Mguu Uliobaki Dunguni

Subira huvuta usaha. Hiyo heri waliionja wahenga waliokuwa na miguu yao miwili.

Swaumu aliteleza kwenye ngazi ya dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa maziwa. Aliyelima Mbwera anajua maana yake: ndege kwelea kwelea wameshashuka, na shamba lisilo na mtu wa kuwaamia, kuwafukuza kutwa nzima, halimalizi wiki. Kifundo cha mguu kililia kama muhogo mkavu uvunjwapo, unyayo ukageukia upande.

Mumewe, Kondo, alimbeba mgongoni, akampandisha tena dunguni. Mmoja huvuta kamba za makopo ya kutishia ndege juu, mwenziwe hukimbiza ndege chini matopeni. Aliyevunjika hakimbii, basi na avute. Fundi wa kuunga mifupa akaja na mtumbwi wake, akaukanda mguu kwa maji ya moto, akaufunga vibanzi vya mwanzi na kuvikaza sana.

Malengelenge yalipopasuka chini ya vibanzi, Swaumu alisema, "Twende hospitali, baba Amri."

"Mpunga tumwachie nani? Subira huvuta heri, mke wangu. Mguu utaunga. Mpunga ukiliwa haurudi."

Swaumu aliwawaza wanawe na chungu kitupu, akaishika kamba. Aliivuta mpaka wakavuna.

Ndipo wakapanda boti, kisha gari, hadi kwenye kitanda cha hospitali alipolala sasa. Daktari bingwa wa mifupa, Sadallah, aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Mfupa umekatika sehemu tatu, na kifundo kimehama mahali pake. Ungekuja mapema ningekirudisha, nikangoja uvimbe upungue, nikapasua na kukaza kwa vyuma na skrubu. Ni kazi ngumu, lakini naiweza."

"Basi ifanye."

"Usaha umeingia ndani ya mfupa, mama, na nyama imekufa. Chuma hakishiki mfupa uliooza. Nikikiweka, nitakuwa nimeupa usaha kiti cha kukalia. Kilichobaki ni kukata chini ya goti, kabla sumu haijakuenea mwilini."

"Nikikatwa, dungu nitalipandaje?"

"Hutalipanda."

Alisema hivyo akiitazama picha, bila kumtazama Swaumu. Akawaachia nafasi ya kushauriana, akaenda kitanda cha pili.

Kondo akachuchumaa kando ya mkewe. "Ameudhika," alinong'ona. "Hukuona alivyokwepa kukutazama? Umemwambia 'basi ifanye' kama unamtuma mtoto dukani. Mwombe radhi. Wakubwa hulainika. Hata yule fundi wa mtumbwi alikataa kuja mpaka nilipomshika miguu."

"Kamshike huyu naye. Wenye miguu ndio washikane."

"Usinifanyie mzaha. Skrubu anazo, amesema mwenyewe. Anatunyima kwa kuwa tumechelewa, na wewe unamjibu kwa kiburi. Neno moja tu, mama Amri. Neno halina uzito."

Swaumu aliutazama mguu uliofungwa bendeji. Ile harufu aliijua tangu dunguni, zilipobaki siku chache kufika mavuno, ilipoanza kuishinda harufu ya matope. Tangu hapo alijua, akaendelea kuvuta kamba. Hapakuwa na radhi ya kuufufua mfupa ule. Angeiomba kwa nani? Kwa daktari ambaye hakuwahi kumsikia ndege akipepeta mpunga usio wake? Au kwa huyu aliyemwambia angoje?

Daktari alirudi. Kondo alisimama, akavua kofia, akamfinya mkewe begani.

"Daktari, mwenzangu ana neno la kukuomba."

"Sema, mama."

"Kata," alisema Swaumu. "Mpunga uko ndani, wanangu wanakula. Baba Amri anataka nikuombe radhi, sijui ya kuchelewa, sijui ya ulimi wangu. Siombi."