Sauti ya Kukamulia

Mjukuu wangu Teta alipotea katika mji wa kale wa Kanazawa, nchini Japani, siku chache baada ya Noeli ya mwaka 2015. Alikuwa na umri wa miaka saba. Alipotea mchana, akiwa pamoja na watu wazima watatu: mimi, bibi yake mzaa baba, ambaye huniita Koko; mama yake, Leya; na shangazi yake, Kanyana, binti yangu wa mwisho, ambaye alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya mji huo.

Sisi ni watu wa Itombwe, katika milima ya Kivu ya Kusini. Vita vilitutoa huko, na baada ya maisha ya kambini, Marekani ikatupokea, kisha ikatutawanya. Mwanangu Ngarambe alikwenda Louisville, binti yangu Adolphine akaenda Columbus, nami nikabaki Buffalo na mwanangu Sebineza, baba yake Teta, katika nyumba ya mbao karibu na barabara ya Bailey. Kanyana ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote, tena kwa hiari yake, jambo ambalo sikulielewa. Alipotualika, Sebineza hakupata ruhusa kiwandani kwake Tonawanda, kwa hiyo nikasafiri na mkwe wangu na mtoto. Adolphine alinitumia koti lake zito na kunionya nisile samaki wabichi. Ngarambe alinipigia simu kuniambia kwamba, bon, haya basi, Wajapani ni watu wa amani, niache kugeuka nyuma kila ninapotembea.

Kabla sijaendelea, sharti nieleze mchezo tuliokuwa tukicheza mimi na Teta.

Kule milimani waliotushambulia walikuwa wakitujua kwa majina. Tulipojificha porini, walimleta mtu wa kwetu waliyemkamata, wakamlazimisha kuita: fulani, toka, wameshaondoka. Aliyetoka hakuonekana tena. Ndiyo maana katika ukoo wetu ikawa amri kwamba mafichoni jina haliitwi, na anayeitwa kwa jina hatoki, hata kama anayemwita ni mama yake mzazi, kwa kuwa nyuma ya mama huyo yaweza kuwa amesimama mtu mwenye bunduki. Hutoka tu akisikia sauti ya kukamulia. Hiyo ni sauti ya chini itokayo kooni, midomo ikiwa imefungwa, ambayo kwayo tunambembeleza ng'ombe aachie maziwa. Mtu asiyekulia zizini hawezi kuiiga. Hata hiyo haijibiwi ikiwa karibu pana mtu aliyevaa sare.

Jioni za baridi, theluji ilipotufungia ndani kule Buffalo, nilimfundisha Teta mambo hayo kwa mchezo wa kujificha. Alikuwa hodari. Angeweza kukaa nyuma ya makoti, ndani ya kabati, mpaka mimi mwenyewe nikachoka. Leya hakuupenda mchezo huo. Yeye alilelewa mjini Uvira na hakujua ng'ombe. Aliniambia kwa heshima kwamba mtoto amezaliwa katika amani, nami ninampandia vita asivyoviona. Nilimjibu kwamba amani haitoi taarifa inapoondoka. Tukaliacha jambo hilo hapo, lakini kila tulipoanza kucheza alikwenda jikoni na kufungulia maji ya bomba.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia ilikuwa njema. Kanyana alitupeleka kwanza katika bustani kubwa ya mji, ambako misonobari imefungwa kamba nyingi zinazoshuka kutoka kwenye ncha ya mlingoti hadi kwenye kila tawi, ili theluji isiyavunje matawi hayo. Teta alisema kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba miti ile imevaa mahema yasiyo na vitambaa. Leya alicheka, akampiga picha. Mimi nilizitazama zile kamba nikaona kwamba watu wa mji huu wanajua kujihadhari na adui kabla hajafika, na kwa sababu hiyo nikaanza kuwaheshimu. Adhuhuri tuliletewa wali, samaki wa kuchoma na mwingine mbichi. Yule mbichi nilimsogezea Kanyana, naye akanitania kwamba mwanamke aliyevuka mto Ruzizi gizani akikimbia vita ameshindwa na kipande cha samaki.

Baada ya chakula tulikwenda katika mtaa ambako zamani waliishi samurai, askari wa watawala wa kale. Vichochoro vyake ni vyembamba, kuta zake za udongo zinapita kimo cha mtu, na kando yake unapita mfereji wa maji yaendayo kasi. Wakati wa baridi wenyeji huzivika kuta hizo mikeka minene ya majani makavu ya mpunga, ili udongo usipasuliwe na barafu. Niliukaribia mkeka mmoja, nikaunusa. Ulinukia kama zizi la ndama. Nilimwambia Teta hivyo, naye akaja kuunusa, akaingiza mkono wake wote nyuma ya mkeka, akacheka.

Mawingu yalikuwa yameshuka, na watalii walikuwa wachache. Kanyana alikuwa akitueleza kwamba hapa radi hupiga kabla ya theluji, na kwamba wenyeji huifurahia kwa kuwa huleta samaki wengi. Hakumaliza maelezo yake. Radi ya huko haingurumi kwanza kutoka mbali kama ya kwetu. Ilipasuka mara moja juu ya vichwa vyetu, kama kombora. Leya aliziba masikio. Mimi nilijikuta nimechuchumaa penye ukuta, mikono ikiwa kichwani. Nilipoinuka, Teta hakuwepo.

Leya aliukimbilia mfereji kabla ya kitu kingine chochote. Maji yalikuwa meusi, na katika sehemu moja yalipita chini ya nyumba za watu na kutoweka. Alipiga magoti pale yanapoingilia, akaita jina la mtoto kuelekea ndani ya lile giza. Hakujibiwa. Kanyana alikimbia hadi kituo kidogo cha polisi kilichokuwa kwenye kona, akarudi na askari kijana aliyevaa koti la buluu na kofia. Nyuma yao lilikuja gari lenye kipaza sauti. Muda si muda jina la Teta lilikuwa likipaa juu ya mapaa yote ya mtaa ule, likitamkwa na mtu tusiyemjua. Mvua yenye barafu ilianza kunyesha, na mwanga wa siku ukaanza kupungua.

Nilitembea nyuma yao. Mbele yangu alikwenda Leya, akilia na kuita. Hatua moja nyuma yake alikwenda mwanamume mwenye sare. Niliwatazama watu hao wawili, ndipo nilipoona kile ambacho Teta angekiona, popote alipokuwa.

"Leya, nyamaza," nilisema.

"Mtoto yuko majini, Mama, halafu ninyamaze?"

"Hayuko majini. Amejificha, na anatusikia."

"Kama anatusikia, mbona haji?"

"Kwa sababu unamwita kwa jina. Na kwa sababu ya huyo aliye nyuma yako."

Aligeuka, akamtazama yule askari, ambaye aliinamisha kichwa kidogo kwa adabu. Kisha akanitazama mimi. Niliuona ukweli ukimfikia usoni, na hasira ikiufuata.

"Kwa hiyo mtoto wangu ananikimbia mimi," alisema. "Ndivyo ulivyomfundisha."

Nilimwambia Kanyana amwombe askari azime kipaza sauti na aondoke mahali hapo, yeye pamoja na gari lake. Kanyana alisita. Aliniuliza amweleze nini afisa wa polisi. Donc, yaani amwambie kwamba tunamwogopa? Nilimwambia aseme hivyo hivyo, bila kupunguza neno. Akasema. Kijana yule alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyokosa. Kisha akainua mkono, gari likanyamaza na kurudi nyuma, naye akalifuata hadi tukawa hatumwoni. Kanyana alikwenda pamoja nao.

Alibaki Leya. Nilimwambia kwamba naye ni lazima aondoke, kwa kuwa ameshaita jina, na mtoto hatatoka akiwepo.

"Siwezi," alisema. "Je, kama yuko majini kweli?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikimbia. Sikuwa na hakika. Kama nilikosea, basi nilikuwa nimewafukuza wote walioweza kumwokoa, na kila dakika ya ukimya nilioutaka ilikuwa dakika ya mtoto majini. Lakini sikumwonyesha shaka yangu, kwa kuwa watu wawili wenye shaka wasingefanya lolote.

"Mwanangu," nilimwambia, na sikuwa nimepata kumwita hivyo kabla, "nenda hadi kwenye daraja la mfereji. Usigeuke."

Alikwenda. Alipofika kwenye kona aligeuka, lakini hakurudi.

Nikabaki peke yangu kichochoroni. Nilifunga midomo na kuitoa ile sauti, nayo ikatoka kama kikohozi cha mwanamke mzee. Nilisikiliza, nikasikia maji tu. Nilirudia, nikasikia maji tu. Theluji ilianza kuanguka juu ya mikono yangu. Nilifumba macho, nikajiweka ubavuni mwa ng'ombe wetu Bihogo, alfajiri, paji la uso wangu likiegemea tumbo lake la joto, nikaitoa sauti mara ya tatu kwa ajili yake, si kwa ajili ya mtu.

Jibu lilitoka karibu sana hata nikashtuka. Lilitoka nyuma ya mkeka uliokuwa penye goti langu, ule ule tulioupita tukienda na kurudi tangu radi ilipopiga.

Teta alitoka akiwa na majani makavu kwenye nywele. Alitazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akanitazama mimi.

"Wameondoka?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Wameondoka."

"Mama alipita hapa, Koko. Niliona viatu vyake. Nilitaka kumshika mguu, lakini alikuwa na mtu wa sare nyuma yake. Nikajiuma ili nisilie."

Alininyooshea mkono wake. Alama za meno zilikuwa zimeingia ndani sana, na pembeni ya kidole gumba palikuwa na damu. Niliufunga mkono huo kwa kitambaa changu cha kichwani.

Leya alifika mbio akamkumbatia, wakaanguka wote wawili juu ya mawe yenye maji. Askari alikuja pole pole, kofia ingali mkononi mwake. Nilimwona Teta akikakamaa mikononi mwa mama yake. Tangu nitoke Itombwe sikuwa nimempa mtu wa sare mkono wangu kwa hiari. Nilimwendea, nikaunyoosha. Aliinama, kisha akauona mkono, akaupokea kwa mikono yake miwili. Ilikuwa ya baridi kuliko wangu. Nilimwita Teta aje amsalimie. Hakuja, nami sikumlazimisha.

Jioni tulikaa sakafuni katika chumba kidogo cha Kanyana, tukizunguka meza fupi, tukala ugali wa muhogo ambao unga wake tuliubeba kutoka Buffalo. Sebineza alipiga simu kabla ya kwenda kazini. Leya alimweleza habari za misonobari na kamba zake, akaishia hapo. Hakuwa amenisemesha tangu turudi.

Radi ilipiga tena. Taa zilififia, zikarudi. Mto aliokuwa amekalia Teta ulikuwa mtupu.

Leya alifungua kinywa, na niliona jina likifika midomoni mwake. Akakifunga. Aliinuka, akapiga magoti mbele ya kabati la matandiko, akajaribu sauti ya kukamulia. Ilikuwa mbaya. Hakuna ng'ombe duniani ambaye angempa hata tone kwa sauti ile. Kanyana alinitazama kana kwamba ananiomba nisaidie, lakini nilibaki nimekaa. Leya alijaribu tena, na haikuwa bora zaidi. Akajaribu tena.

Ndani ya kabati, kwa chini sana, sauti ikamjibu.

Leya hakugusa mlango. Alibaki amepiga magoti, mikono mapajani, akisubiri ufunguliwe kutoka ndani.