Ubao Mpana wa Enoch Tilton

Mehetabel alimwambia mumewe tangu mwanzo: "Enoch, huo upasue. Utatuponza."

Enoch hakusikia. Lini mtu wa sifa amesikia la mkewe? Enzi hizo za Mfalme wa Uingereza, nusu ya watu wa New Hampshire, koloni lake la Marekani, walikuwa wezi wa misonobari yake, tena bila haya. Mti ukishachongwa alama ya mshale kwa shoka, basi ni mlingoti wa manowari, mwananchi asiuguse. Watu wakaigusa miti hiyo, wakahakikisha tu hakuna ubao unaofika inchi ishirini na nne, maana upana huo ndio ushahidi. Lakini Enoch aliangusha mti uliompa ubao wa inchi thelathini na sita, hauna fundo hata moja, akashindwa kuutia msumeno. Akaufanya kitanda cha baba yake mgonjwa.

"Niupasue huu? Hata babu hakuwahi kuona ubao wa namna hii!"

Haya, sasa Bwana Larkham, mkaguzi wa misitu ya Mfalme, alikuwa amepiga magoti ndani ya nyumba yao akipima mbao za sakafu, na askari wawili mlangoni.

"Ishirini na tatu. Ishirini na tatu. Na huu nao! Mama, miti ya huku ilifanya mkutano?"

"Ardhi yetu mbovu, bwana," Mehetabel alijibu. "Miti hainenepi."

"Na vile visiki kule mtoni, ambavyo watu wanaweza kuchezea ngoma juu yake?"

Enoch alisimama kando ya meko. Akibainika, ni jela ya pwani, na kinu chake cha kupasulia mbao, kinachowalisha watoto, kinachukuliwa na Mfalme. Larkham akainuka, akakitazama kitanda. Blanketi lilikuwa limeshushwa mpaka chini.

"Mwinueni mzee."

"Thubutu!" Mehetabel akajitupa mbele ya kitanda. "Ana homa ya mapafu, humwoni? Mtamuua!"

"Mama, pisha."

Askari wakasogea. Mehetabel hakupisha.

"Wapishe, binti yangu," Mzee Jotham, baba yake Enoch, akasema pale kitandani. "Na nyinyi msinishike, miguu ninayo."

Akashuka mwenyewe huku akikohoa, akalivuta blanketi. Larkham akapima, akapiga mluzi.

"Nani aliukata mti huu?"

Mehetabel akamgeukia mumewe. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema, mwanamume wewe.

"Mimi," Mzee Jotham akasema.

"Wewe? Hata kijiko kinakushinda."

"Kabla sijaugua nilikuwa na nguvu. Mwanangu hahusiki, wala kinu chake. Mwulize."

Larkham akamkazia macho Enoch. "Ni baba yako aliyeukata?"

Enoch aliutazama ubao, kisha sakafu.

"Ndiye," alisema.

Wakamtoa mzee kwenye theluji, wakamlaza juu ya kigari cha kukokotwa na ng'ombe. Mehetabel alimfunika mablanketi yote ya nyumba huku machozi yakimtiririka. Mzee akampapasa mkono.

"Nyamaza. Wajukuu watakula."

Mehetabel aliporudi nyumbani, alimkuta Enoch kizingitini, ameshika koti lake la sufu.

"Mpelekee," Enoch akanong'ona. "Baridi itammaliza."

"Mpelekee mwenyewe."

Palikuwa na hatua chache tu hadi kwenye kigari. Mzee Jotham aliinua kichwa, akatazama mlangoni, akangoja. Enoch hakutoka. Askari akamchapa ng'ombe, na kigari kikaondoka.