Hela ya Soda ya Mama Happy

Tangu kile kisanduku chenye kufuli kiwekwe kaunta ya mgahawa, Getruda alikuwa hamtazami tena Bosi Barnaba usoni. Alimtazama mikono.

"Ni mambo ya kodi," Bosi aliwaambia wahudumu wake wawili, Getruda na Nesta. "Hela ya soda mnayopewa na wateja ni mapato kama mapato mengine. Tumbukizeni humu, nikate ya serikali, mwisho wa mwezi niwape inayobaki."

Haya. Mwezi ukaisha, risiti hawakuiona, wakaambiwa wasubiri. Mshahara wa Getruda wote ulimezwa na pango la chumba kule mtaa wa Sogea. Unga, mkaa na madaftari ya binti yake Happy vilitoka kwa madereva wa malori waliokwama foleni ya mpakani, wakala ugali, wakaacha chenji. Sasa mkaa alikuwa anakopa.

Mchana huo dereva mmoja wa Zambia alimaliza kuku wake, akamkunjia noti ya kwacha. "Natotela, ba mayo. Asante, mama, umenilisha vizuri."

Bosi akakohoa pale kaunta. Getruda akaitumbukiza kisandukuni.

"Nimempa yeye, bosi, sijalipa sanduku!" dereva akasema.

"Sheria hiyo, mzee," Bosi akacheka.

Getruda aliingia jikoni, akamnong'oneza Nesta, "Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu kalala kwa jirani, asubuhi hajulikani alikokwenda."

Nesta akaguna. "Hela ya soda hiyo. Na jirani tunamjua. Lakini dada, kama ni sheria kweli? Tusije tukafungwa."

"Ndiyo maana nakwenda kumuuliza."

Akarudi kaunta akijifuta mikono. "Bosi, ile barua ya mshahara niliyokuomba ya mkopo, niandikie na hela ya soda humo. Si umesema ni mapato?"

"Aa, Mama Happy! Ile ni zawadi tu ya wateja. Nitaandikaje zawadi kwenye barua?"

"Kwenye kisanduku mapato, kwenye barua zawadi?"

Dereva akaacha kuchokonoa meno ili asikie vizuri.

"Mambo ya kodi wewe huyaelewi," Bosi akasema.

"Siyaelewi kweli. Basi twende wote ofisi ya kodi wakatueleze. Nikidaiwa nitalipa kwa mkono wangu, na risiti nitaibandika ukutani."

Bosi akatazama mlango. Akatoa ufunguo, akafungua kisanduku, akamsukumia kwacha na shilingi vile zilivyochanganyika. "Chukueni yenu, tusisumbuane. Huko hakuna haja ya kwenda."

Getruda alimgawia Nesta nusu yake. Moyo wake ungetulia, lau Bosi asingesema hilo la mwisho. Kodi gani hiyo, ukiiulizia tu inarudishwa? Akavua aproni, akaitundika msumarini.

"Unakwenda wapi? Wateja wanangoja!"

"Ofisi ya kodi. Nataka nijue kama hii ni yangu yote, au ndani kuna ya serikali."